Nani Bondia Mkuu? Tusihesabu Ushindi Peke Yake

Kijijini kwetu, katika wilaya ya Ikungi, mkoa wa Singida, watu hukutana jioni kwenye mashine ya kukamua alizeti. Wengine wameleta mbegu. Wengine wanasubiri mafuta yao. Wengine hawakuleta kitu, wamekuja kuzungumza tu. Darasa letu la kisomo liko jirani, na wanakisomo wakitoka darasani hupitia hapo kabla ya kwenda nyumbani.

Jioni moja mazungumzo yalikuwa ya ndondi. Kijana mmoja aliuliza, "Katika mabondia wote, mkuu kuliko wote ni nani?"

Swali lilikuwa fupi, lakini ubishi uliendelea mpaka mashine ikazimwa. Mzee mmoja alisema ni Muhammad Ali. Kijana mwingine alisema ni Mike Tyson, kwa sababu aliwaangusha watu upesi. Mama mmoja alisema ni Hassan Mwakinyo wa Tanga, kwa sababu ni mtu wetu. Mwingine alisema mkuu ni yule ambaye hakushindwa hata mara moja.

Mimi nilisema kwamba kwa hapa kwetu Tanzania, namweka mbele Titus Simba. Watu walicheka. Vijana hawakumjua kabisa. Mzee aliyemkumbuka aliniuliza, "Mwalimu, huyo si alishindwa?"

Ndiyo, alishindwa. Hata hivyo sibadili neno langu. Ndugu msomaji, katika makala hii nitaeleza sababu zangu. Najua kwamba wengi watayakataa maoni haya. Si vibaya. Soma kwanza, kisha bishana nami.

MBIO ZINA MSTARI, NDONDI HAZINA

Sisi watu wa Singida tunajua mashindano ni nini. Alphonce Simbu ni mtoto wa Ikungi. Tarehe 15 Septemba 2025, mjini Tokyo, Japani, alishinda mbio za marathoni za ubingwa wa dunia. Alikimbia kilometa 42 na zaidi kwa saa 2, dakika 9 na sekunde 48. Mjerumani Amanal Petros alipata muda huo huo. Ikabidi picha itazamwe. Picha ikaonyesha kwamba Simbu alitangulia kwa sehemu 3 tu za 100 za sekunde moja.

Hapo ubishi ulikwisha. Mstari ni mmoja, na aliyetangulia kuuvuka ndiye mshindi.

Ndondi haziko hivyo. Mabondia waliopigana miaka tofauti hatuwezi kuwakutanisha. Hata wale waliopigana mwaka mmoja, mara nyingi hawakukutana. Tukisema huyu ni wa kwanza na yule ni wa pili, tunatoa maoni. Na maoni yasiyo na kipimo ni kelele tu.

Wengi wetu tuna kipimo kimoja. Tunahesabu. Ameshinda mara ngapi? Ameshindwa mara ngapi? Ana mikanda mingapi? Hesabu ni kitu kizuri, na ndiyo maana tunaisoma darasani. Lakini mkulima wa vitunguu anaijua hasara ya lumbesa. Mnunuzi huhesabu gunia moja, kumbe vitunguu vilivyoshindiliwa humo ni zaidi ya gunia. Hesabu ni sahihi, lakini uzito si sahihi. Kuhesabu ushindi wa bondia bila kuupima ni namna hiyo hiyo. Kuna ushindi mmoja wenye uzito wa magunia kumi, na kuna ushindi kumi usiojaza debe.

Kwa hiyo mimi nauliza maswali matatu. Alipigana na nani? Je, alichagua mpinzani wake au alipangiwa? Je, alikubali kwenda kwa mwenzake, au alipigana nyumbani siku zote?

SWALI LA KWANZA: ALIPIGANA NA NANI?

Tuanze na wakubwa wa dunia. Rocky Marciano wa Marekani alikuwa bingwa wa uzito wa juu. Alipigana mara 49 na kushinda mara 49. Aliacha ndondi mwaka 1956 bila kushindwa hata mara moja. Muhammad Ali alipigana mara 61. Alishinda mara 56 na kushindwa mara 5.

Kama kushindwa ndicho kipimo, basi Marciano ni mkubwa kuliko Ali, na maneno yameisha. Lakini pale kwenye mashine hakuna mtu aliyemtaja Marciano. Walimtaja Ali. Kwa nini?

Kwa sababu watu wanakumbuka Ali alisimama mbele ya nani. Mwaka 1964 alimshinda Sonny Liston, ambaye wengi walimwogopa. Mwaka 1971 alishindwa na Joe Frazier, kisha akakutana naye tena mara mbili na kumshinda mara zote mbili. Tarehe 30 Oktoba 1974, mjini Kinshasa, alimwangusha George Foreman katika raundi ya 8. Kabla ya siku hiyo hakuna mtu aliyekuwa amemshinda Foreman katika ndondi za kulipwa.

Basi kila anayesema kwamba Ali ni mkuu, amekwisha kukubaliana nami bila kujua. Amekubali kwamba mtu anaweza kushindwa mara 5 na bado akawa juu ya yule ambaye hakushindwa kabisa. Ninaloomba ni jambo dogo. Kipimo hicho tunachompimia Mmarekani, tuwapimie na watu wetu.

SWALI LA PILI: ALICHAGUA AU ALIPANGIWA?

Ndondi ziko za aina mbili. Kuna ndondi za ridhaa na kuna ndondi za kulipwa. Katika ndondi za kulipwa, bondia na watu wake hukaa na kuzungumza juu ya mpinzani. Wanaweza kumkubali au kumkataa. Promota akitaka kijana wake aonekane mkubwa, anaweza kumletea mpinzani aliyechoka, au aliyeshindwa mara nyingi. Kijana atashinda, picha zitapigwa, na hesabu itaongezeka.

Katika mashindano ya ridhaa, kama yale ya Olimpiki au ya Jumuiya ya Madola, mambo ni tofauti. Majina hupangwa kwa kura. Unayepangiwa ndiye utakayepigana naye. Ukishinda leo, baada ya siku chache unapangiwa mwingine. Huna nafasi ya kumkwepa mtu.

Sasa tumtazame Titus Simba. Mwaka 1970 alikwenda Edinburgh, Uskochi, katika Michezo ya Jumuiya ya Madola. Alipigana katika uzito wa kati, ambao kikomo chake kilikuwa kilo 75. Alifika fainali. Huko alikutana na kijana wa Kiingereza wa miaka 19, John Conteh wa Liverpool. Simba alishindwa akarudi na medali ya fedha.

Huyo Conteh ni nani? Miaka minne baadaye, mwezi Oktoba 1974, alikuwa bingwa wa dunia wa WBC katika ndondi za kulipwa, katika uzito wa juu kidogo kuliko ule wa kati. Kumbe mtu aliyemzuia Simba kupata dhahabu alikuwa bingwa wa dunia wa kesho. Mwaka 1970 watu hawakulijua jambo hilo. Sisi tunalijua. Kushindwa kule kuliongezeka uzito miaka minne baadaye, bila Simba mwenyewe kurusha ngumi nyingine. Hili linatufundisha kwamba jioni ya pambano si wakati mzuri wa kutoa hukumu.

Kuna mwingine ambaye tumemsahau. Mwaka 1998, mjini Kuala Lumpur, Malesia, Michael Yombayomba aliiletea Tanzania medali ya dhahabu katika michezo hiyo hiyo ya Jumuiya ya Madola. Naye alipangiwa kila mtu aliyepigana naye, akawashinda wote. Mwaka 2022, mjini Birmingham, Yusuf Changalawe na Kassim Mbundwike walileta medali za shaba. Nilipoyataja majina haya kwenye mashine, ni wachache walioyajua. Lakini mikanda ya mabondia wa kulipwa waliijua yote.

Msomaji ataniuliza, "Kama Yombayomba alipata dhahabu, na Simba alipata fedha, kwa nini unamweka Simba juu?" Hoja hii ni nzito. Mwenye dhahabu hakushindwa na mtu. Mimi namweka Simba juu kwa sababu ya mtu aliyekutana naye fainali. Lakini mtu akimweka Yombayomba juu, simlaumu. Ninayemlaumu ni yule anayewaacha wote wawili nje ya orodha.

Tena si mimi peke yangu ninayefikiri hivi. Mwaka 1968, katika Olimpiki ya Mexico, Mkenya Philip Waruinge alishindwa katika nusu fainali na Antonio Roldán, mwenyeji wa Mexico. Alipata medali ya shaba tu. Lakini michezo ilipokwisha, wakuu wa ndondi walimpa Waruinge Kombe la Val Barker. Kombe hilo hupewa bondia aliyeonyesha ufundi bora katika Olimpiki nzima. Wenye dhahabu walikuwapo. Kombe likaenda kwa mtu wa shaba. Mwaka 1972, mjini Munich, Waruinge alirudi akapata medali ya fedha.

SWALI LA TATU: JE, ALITOKA NYUMBANI?

Mcheza kwao hutunzwa. Ukipigana kwenu, watazamaji wanakushangilia, chakula unakijua, na usiku umelala kitandani mwako. Kwa hiyo ushindi wa ugenini una uzito zaidi.

Tarehe 8 Septemba 2018, Hassan Mwakinyo alikwenda Birmingham, Uingereza, kupigana na Mwingereza Sam Eggington. Hakuwa ameandaliwa kwa pambano hilo. Aliitwa kujaza nafasi. Alimaliza kazi katika raundi ya 2. Kwangu mimi, usiku ule mmoja ni mzito kuliko ushindi mwingi wa nyumbani.

Mwezi Septemba 2022 alirudi Uingereza, akashindwa na Liam Smith katika raundi ya 4 mjini Liverpool. Watu wengi walimsema vibaya. Mimi nasema safari hiyo nayo iandikwe upande wa faida. Smith aliwahi kuwa bingwa wa dunia, na Mwakinyo alimfuata katika mji wake mwenyewe. Wako wengi ambao hawangepanda ndege ile.

Kwa majirani zetu, Waganda wengi wanampenda John Mugabi. Alipata medali ya fedha katika Olimpiki ya Moscow mwaka 1980. Kisha, katika ndondi za kulipwa, aliwamaliza wapinzani wake wote bila kungoja pointi, mpaka alipokutana na Marvin Hagler mwezi Machi 1986. Hagler alimwangusha katika raundi ya 11. Baadaye, mwaka 1989, Mugabi alipata ubingwa wa dunia.

Mimi namweka Ayub Kalule juu yake. Kalule hakuwa na kishindo. Alikuwa mtu wa kukusanya pointi taratibu, kama mwanamke anayepepeta mtama. Lakini tazama safari zake. Mwaka 1974 alipata dhahabu ya Jumuiya ya Madola. Mwaka huo huo, mjini Havana, Kuba, alipata dhahabu ya ubingwa wa dunia wa ridhaa. Mwaka 1979 alikwenda Japani akamnyang'anya Mjapani Masashi Kudo ubingwa wa dunia nyumbani kwake. Mwaka 1981 alikwenda Houston, Marekani, kukutana na Sugar Ray Leonard, akashindwa katika raundi ya 9. Hilo lilikuwa pambano lake la kwanza kushindwa katika ndondi za kulipwa. Katika Afrika Mashariki yote, mimi simwoni wa kumtangulia.

MIKANDA MINGI NA WATU WADOGO

Ndugu msomaji, tufanye hesabu kidogo. Zamani, wakati wa Joe Louis, madaraja makuu ya uzito katika ndondi yalikuwa 8. Leo madaraja yaliyozoeleka ni 17. Vyama vikubwa vinavyotoa ubingwa wa dunia ni vinne: WBA, WBC, IBF na WBO. Kila chama kina bingwa wake katika kila daraja. Basi 17 mara 4 ni 68. Wanaweza kuwapo mabingwa wa dunia 68 siku moja! Na hapo hatujahesabu vyama vidogo, ambavyo ni vingi na vyote vina mikanda inayong'aa. Ukiambiwa fulani ni bingwa wa dunia, uliza ni wa chama gani, na alimshinda nani. Chema chajiuza, kibaya chajitembeza.

Jambo jingine ni uzito. Wengi hudhani kwamba bondia mkuu lazima awe mtu mnene wa kutisha. Lakini Mganda Leo Rwabwogo alipigana katika daraja ambalo kikomo chake kilikuwa kilo 51. Hiyo ni karibu nusu ya gunia la mahindi. Akapata medali ya shaba ya Olimpiki mwaka 1968, na medali ya fedha mwaka 1972. Sisi wa Singida hatupaswi kumdharau mtu mdogo. Kuku wetu ni wadogo, lakini jina lao linafika Dar es Salaam.

UBISHI HUU UNA MADHARA

Mtu atasema, "Haya ni mazungumzo ya jioni tu. Yana hasara gani?" Yana hasara, nami nitaeleza niliyoiona.

Miaka michache iliyopita kijana mmoja wa kijiji chetu alijifunza ndondi. Alifunga gunia la mchanga kwenye mti na kulipiga kila asubuhi kabla ya kwenda shambani. Alikwenda Singida mjini kupigana. Walimpangia kijana aliyekuwa amejifunza kwa muda mrefu kuliko yeye. Alisimama mpaka raundi ya mwisho, akashindwa kwa pointi.

Aliporudi, kijiji kilimpokea kwa vicheko. Watoto walimpa jina la "Pointi". Hakuna aliyemuuliza alipigana na nani. Mimi pia nilicheka. Alipoitwa tena mjini, aliuliza kwanza kama mpinzani ni dhaifu. Akaambiwa si dhaifu. Hakwenda. Baada ya hapo aliacha kabisa.

Sisi ndio tuliomfundisha kukimbia. Tulimwonyesha kwamba anayekutana na mwenye nguvu akashindwa ni mjinga, na anayemshinda mnyonge ni shujaa. Mwaka huu nilimwendea nikamwomba radhi. Alisema yamepita. Lakini glovu alikuwa amekwisha kuziuza.

Tena iko hasara kubwa kuliko hiyo. Watazamaji wanaoona kushindwa kuwa aibu humzomea bondia anayesimamishwa. Naye bondia huogopa zomeazomea kuliko anavyoogopa kifo.

Tarehe 1 Oktoba 1975, mjini Manila, Ufilipino, Ali na Frazier walipigana kwa mara ya tatu. Baada ya raundi ya 14, jicho la Frazier lilikuwa limefumba kwa uvimbe. Yeye alitaka kuendelea. Mwalimu wake, Eddie Futch, alimkatalia na pambano likaisha. Frazier alishindwa siku ile. Aliishi miaka 36 mingine.

Mkenya Robert Wangila alipata medali ya dhahabu ya Olimpiki mjini Seoul mwaka 1988. Mwezi Julai 1994 alipigana Las Vegas, Marekani. Mwamuzi alilisimamisha pambano. Wangila alilalamika, kwa kuwa alitaka kuendelea. Baada ya muda mfupi alizimia, na siku mbili baadaye akafa. Alikuwa na umri wa miaka 26.

Kwa hiyo mimi naongeza neno ambalo vijana hawalipendi. Mwalimu anayerusha taulo ulingoni kwa wakati unaofaa, naye ana sehemu katika ukuu wa bondia wake. Bondia anayemtii mwalimu huyo asishushwe ngazi hata moja.

MWISHO

Sikuandika makala hii ili kila mtu amtaje Titus Simba. Nimeandika ili tuwe na kipimo. Jioni nyingine tukibishana, tuulize: alipigana na nani, alimchagua au alipangiwa, na pambano lilikuwa nyumbani kwa nani? Baada ya kujibu maswali hayo, kila mtu apange mabondia apendavyo.

Wazee wetu walisema, asiyekubali kushindwa si mshindani. Neno hilo tunawaambia walioshindwa. Nadhani sisi watazamaji tunalihitaji zaidi.

MASWALI YA KUZUNGUMZA DARASANI

1. Mwandishi anatumia maswali gani matatu kumpima bondia? Je, wewe ungeongeza swali gani?

2. Bondia wa kwanza ameshinda mara 20 kati ya 20, na wapinzani wake wote walikuwa dhaifu. Bondia wa pili ameshinda mara 12 kati ya 18, na wapinzani wake wote walikuwa hodari. Wewe ungemweka nani mbele? Kwa nini?

3. Kati ya Titus Simba na Michael Yombayomba, nani awe wa kwanza? Gawanyikeni makundi mawili, kila kundi litetee mtu mmoja.

4. Je, kijijini kwenu yuko mtu aliyejaribu jambo gumu akashindwa? Mlimpokea namna gani?

5. Andika barua fupi kwa kijana aliyeshindwa kwa pointi. Utamwambia nini?